Marehemu Fundi Bomba na Sahihi ya Tatu

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, haya yameandikwa na mkewe kwa mkono wake, nami, mdogo wa marehemu, nimeagizwa na shemeji nisiruke mstari hata mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akaingia chuo cha ufundi mwaka 1978, na tarehe 1 Julai 1983 akaajiriwa na halmashauri kuwa fundi bomba, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2021. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wanne, hawa mnaowaona hapa mbele. Alikuwa mchelewaji wa kila shughuli, isipokuwa akisikia kuna bomba linavuja.

Mwaka 2009 aliteuliwa kwenye kamati ya watu watatu ya kukagua vifaa vya mradi wa maji wa mtaa wa juu. Mabomba yaliletwa tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya mwaka wa fedha kufungwa, na wenzake wawili wakasaini yakiwa bado juu ya lori. Marehemu alipanda, akayabonyeza, akakuta ni membamba kuliko yaliyoandikwa kwenye mkataba, akakataa kusaini, akaambiwa aende kula kwanza, afikirie vizuri.

Alirudi nyumbani na fomu, akaketi kwenye mlango wa uani bila kuvua viatu, akasema, "Mama watoto, yale mabomba ukiyakanyaga yanabonyea kama chupa ya plastiki." Mkewe alikuwa anafua, hakuinua hata kichwa, akamjibu, "Wenzako wameshasaini, wewe unajifanya nani, malaika? Wakikuhamisha, hawa wanne nitawaburuza hadi wapi?" Kisha akajifuta povu, akatoa kalamu kwenye mkoba wa shule wa binti mkubwa, akamtia mkononi, na marehemu akasaini.

Maji yalipanda miezi saba tu, mabomba yakaanza kupasuka chini ya barabara, koki zikabaki kupuliza upepo, na watu wa mtaa wa juu wakambandika marehemu jina la Mzee Upepo. Alilicheka mbele yao, akaliitikia. Mkewe alilisikia kwenye foleni ya kisima miaka kumi na mitatu, akajaza ndoo yake akaondoka, na siku moja akacheka pamoja nao. Marehemu hakuwahi kumtaja kwa yeyote, wala kumsuta ndani ya nyumba, hata walipogombana.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2022, akalazwa mara tatu, akafariki Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, wafanyakazi wenzake waliochimba kaburi, na majirani wa mtaa wa juu, ambao tangu Jumamosi wamebeba kichwani maji ya msiba huu kutoka kisimani, wakizipita zile koki kavu. Mkewe hakuweza kuwatazama usoni walipokuwa wakimimina.

Anawaomba jambo moja, msimzike na lile jina. Atakayekuwa bado na hamu ya kulitumia, aliyemtia kalamu mkononi anakaa nyumba ileile, mlango wa bluu, abishe hodi aite, naye ataitika.

Nenda ukapumzike, kaka.