Maziwa ya Asubuhi ya Zaver Makwan

Ninyi wa benchi la nyuma, na wewe Jesing, katibu wa chama cha maziwa, uliyejibanza kwenye nguzo, acheni kuguna kabla sijasoma hata neno, mimi Monghi ni wifi yake marehemu, nimeishi naye ua mmoja, na nitakayoyasema nimeyafanya kwa mikono hii, kwa hiyo mwenye kubisha angoje nimalize, tumetoka makaburini sasa hivi na miguu inaniuma.

Marehemu Zaver alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji kilicho karibu na Petlad, mtoto wa tatu wa kibarua wa mashamba ya tumbaku, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akaachishwa kwa sababu mama yake alihitaji msaidizi, si kwa sababu alikuwa mjinga, na mwaka 1965 akaingia kwenye maghala ya tumbaku, kupepeta na kufunga, kazi iliyompa kikohozi ambacho hakikumwacha tena.

Tarehe 9 Mei 1970 aliolewa na kaka yangu Khushal katika kanisa hili hili, nami sikumpenda, nilimwona mkavu na mwingi wa majibu, lakini tulizoeana, wakajaliwa watoto wawili, Vinod aliyezaliwa 1972 na Ila aliyezaliwa 1975, wote wako hapa mbele, Vinod kaa wima.

Mwaka 2004 Khushal alipooza upande mmoja, Zaver akaacha tumbaku, akanunua ng'ombe chotara aliyeitwa Kabri, na ng'ombe huyo ndiye aliyetulisha sote. Mgonjwa alitaka kuogeshwa, kugeuzwa na kulishwa jioni, kwa hiyo Zaver alimkamua Kabri mapema, saa tisa alasiri, kisha hamgusi tena mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Maziwa yaliyojikusanya kiweleni usiku kucha yalikuja mengi na mepesi, ya alasiri, yaliyokaa muda mfupi, yalikuja machache na mazito, ng'ombe yule yule, majani yale yale. Kule kituoni, chama kinapopokea maziwa, Jesing akapima mafuta, akaona ya alasiri yamejaa na ya asubuhi hafifu, akasema mbele ya foleni nzima, "Dada Zaver, huyu ng'ombe wako usiku analala mtoni?"

Zaver akamjibu, "Njoo ulale naye zizini uone, kaka Jesing, mkeo hatakutafuta."

Watu walicheka, na nadhani hilo ndilo Jesing hakulisamehe, maana maziwa yalirudishwa, na kufika jua la utosini kijiji kizima kilikuwa kinamwita Mama Maji, hata wanawake aliowakopesha samli.

Baadaye daktari wa mifugo, Bibi Nayna, alikuja kutibu kwato za Kabri, akauliza saa za kukamua, akatushauri tuzigawe, usiku uwe sawa na mchana. Nikaichukua mimi kazi ya jioni, saa kumi na mbili nakaa chini ya ng'ombe na wifi yangu anakaa na mgonjwa, na haukupita muda maziwa ya asubuhi yakawa mazito kama ya watu wengine. Tulifurahi kama wajinga. Kule kituoni wakaambiana, mnaona, kumbe ameacha kutia maji.

Hapo ndipo alipochoka. Alimwendea Jesing nyumbani, akamwambia kwamba atarudia saa za zamani, aje alasiri, aje na asubuhi, akamue mwenyewe, naye Jesing, akiwa anakunywa chai, akamwambia, "Yamekwisha, dada, chama kimeshakusamehe." Alirudi akakaa kwenye ukingo wa hori, akaniambia, "Wifi, heri wangenifukuza." Aliendelea kupeleka maziwa kila siku, ila kwenye foleni hakusema tena na mtu.

Khushal alifariki tarehe 20 Agosti 2016. Zaver alizidiwa na ugonjwa wa mapafu kuanzia 2019, akalazwa hospitali ya Anand mara nyingi, na alfajiri ya tarehe 3 Februari 2023 akafariki nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ila.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia jana na leo, wenzake wa maghala ya tumbaku waliokuja kwa miguu na vifua vyao vibovu, na chama cha maziwa kwa shada la maua, nimeliona, ni kubwa, si hilo alilotaka.

Leo, ili niweze kumzika, mjukuu wa Kabri nimemkamua saa nane mchana na sitamgusa mpaka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Maziwa yatakuwa mepesi. Zizi litakuwa wazi, Jesing, leta kipimo chako na ndoo yako, kaa kwenye kigoda, kamua mwenyewe, kisha uniambie maji ametia nani, maana Zaver tumemfukia leo.

Wifi yangu, lala, hakuna foleni huko, pumzika kwa amani. Nyimbo zilizobaki imbeni ninyi, mimi natoka, na mlango naufunga.