Umakant Vallabhdas, Rubani Aliyekataa Kupakia Korosho

Ndugu waombolezaji, kabla mwili wa ndugu yetu haujapelekwa kuchomwa kwa taratibu za dini yake, familia imeomba maisha yake yasomwe kwa Kiswahili, lugha aliyoongea na kila mtu hapa Kariakoo, na yasomwe yote, bila kuruka palipouma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1933, Mtaa wa Sikukuu, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, akasoma hapa mjini hadi mwaka 1951, na shuleni ndiko alikoanza kriketi, akawa mpigaji hodari wa timu ambayo magazeti hayakuijali. Katika mechi moja ya mwaka 1958 mpira uligusa gongo lake ukadakwa, maana yake ametolewa, mwamuzi hakuona, naye akatoka mwenyewe uwanjani. Nahodha alipomfokea arudi, alijibu, "Umegusa, nimesikia," timu ikashindwa, na msimu mzima hakupangwa tena.

Urubani alijifunza Nairobi mwaka 1956, akamwoa Daksha tarehe 20 Januari 1960, wakajaliwa Ila na Kirit, na nyumba ya ukoo ilipotaifishwa mwaka 1971, kaka zake wakahamia Uingereza, yeye alibaki, akirusha ndege ndogo ya shirika moja la umma, akipeleka dawa kusini na kurudi na wagonjwa.

Tarehe 17 Juni 1976, Nachingwea, alikuwa amempakia Paskalina, mama aliyeshindwa kujifungua na aliyekuwa akitokwa damu, alipofika mkubwa mmoja wa shirika na magunia ya korosho za harusi ya bintiye, akaamuru mgonjwa ateremshwe, asubiri safari nyingine. Marehemu alimwambia, "Mzee, korosho hazitokwi damu," akafunga mlango, akaruka, akamwacha mkubwa amesimama na magunia yake. Mama yule na mwanawe wako hai hadi leo.

Baada ya wiki mbili marehemu aliitwa ofisini kwa shirika, Posta, akaambiwa ameiba safari ya serikali, akaitwa mhujumu na mnyonyaji, akaulizwa mbona hakwenda kwao, yeye ambaye kwao ni Mtaa wa Sikukuu. Aliomba wenzake waliokuwepo uwanja wa ndege Nachingwea waseme walichoona, na hakuna aliyefungua mdomo. Akafukuzwa, leseni ikazuiwa, hakurusha ndege tena, na kila ndege ilipopita juu ya Mnazi Mmoja aliinamisha kichwa, mkewe akijifanya haoni.

Alianza kuugua figo Novemba 1978, akafariki juzi, tarehe 14 Machi 1979, saa kumi alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na majirani, hasa Mama Anaeli na Mzee Shomari, waliolala sakafuni kwetu tangu msiba uanze. Shada lililoletwa asubuhi kwa jina la yule mkubwa, lenye maneno "shujaa wetu", Daksha ameagiza lirudishwe, na limerudishwa. Wafanyakazi wenzake mliokuwepo Nachingwea siku ile, tunawaona mmekaa nyuma. Kwa desturi hapa ndipo mngeshukuriwa, na familia haina shukrani ya kuwapa, ila ikiwa mmoja wenu atataka kusimama sasa na kusema alichoona, tutanyamaza tumsikilize, watoto wa marehemu wapo, na moto utasubiri.

Umakant, pumzika, ndugu yetu, amani waliyokunyima hapa uipate huko.