Dada Yetu, Fundi wa Mapigo ya Moyo

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yetu, nami nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada, ambaye kazini aliitwa Fundi na nyumbani tulimwita Waya kwa wembamba wake.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano wa karani wa posta na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi mwaka 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha ufundi, akahitimu mwaka 1982, msichana pekee darasani, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa katika karakana ya hospitali, chumba kisicho na dirisha nyuma ya chumba cha dobi, akitengeneza mashine za presha na taa za upasuaji.

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpiga chapa, ambaye dada alimvutia kwa kumtengenezea mtambo wa kuchapia uliokuwa umemshinda wiki nzima, wakajaliwa binti mwaka 1990 na kijana mwaka 1993.

Mwaka 2004 alihamishiwa kliniki ya moyo, kwenye mashine inayokisoma na kukipangia kazi kile kifaa kinachopandikizwa kifuani ili kuukumbusha moyo upige, nayo mashine ilikuwa moja tu, kila mgonjwa akichukua dakika arobaini kwa kuwa kila kitu kilianzwa upya, na ikifika saa kumi waliobaki walirudishwa nyumbani. Tarehe 11 Mei 2006 mwoka mikate mmoja, aliyekwisha kurudishwa mara mbili, alianguka koridoni, alipona, lakini siku hiyo dada hakula, akatuambia, "Betri yake ilikuwa inakwisha, na mashine ya kutuambia ilikuwa mlango wa pili."

Kwa miezi mitano alipitia majalada ya wagonjwa mia mbili na kumi na mawili, akaandaa karatasi moja yenye maswali ya kuulizwa mgonjwa akiwa bado kwenye foleni, mpangilio wa mwisho wa kifaa chake, na pa kuanzia kulingana na ugonjwa, huku kipimo cha umeme mdogo kabisa unaoitikiwa na moyo akikataza mtu yeyote asikiruke. Mkuu wa kitengo akamwambia, "Fundi, moyo si redio." Naye akajibu, "Ndiyo maana sitaki moyo upange foleni, daktari." Mkuu alikaa naye siku nne za kliniki, saa mkononi, akitafuta kosa; dakika arobaini zikawa kumi na nne, kosa hakuliona, na siku ya tano alikuja na kalamu, akaisaini ile karatasi. Tangu hapo hakuna aliyerudishwa, na kwa kuwa kila moyo ulipewa umeme unaoutosha tu, betri za wengi zilidumu miaka zaidi kabla ya wao kupasuliwa tena ili zibadilishwe.

Alistaafu mwaka 2021, Novemba 2023 akagundulika na saratani ya kongosho, akawa anamfundisha mrithi wake hata kitandani, mpaka Jumapili tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa na miaka 63.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka, majirani mliotuachia milango yenu wazi, na wafanyakazi wenzake mliomwosha nywele wodini. Nanyi wagonjwa wake mliosimama kule nyuma, agizo lake la mwisho ni lenu: kesho kliniki ipo, msikose.

Pumzika, Waya wetu, kazi umeifanya.