Shangazi Aliyeshonea Mtaa Mzima, na Mizani Aliyoiogopa

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1974, mwaka wa njaa. Bibi alikuwa amembeba tumboni huku akishinda na mlo mmoja, tena wa kubahatisha.

Alisoma hadi darasa la saba, kisha akahitimu chuo cha ushonaji mwaka 1992. Shuleni walimwita Pipa. Alikuwa akiwajibu, “Maji yakikatika mtanikimbilia!”

Mwaka 1995 alifungua chumba chake cha cherehani. Kila gauni aliliachia vidole viwili vya kitambaa ndani ya mshono. “Mwili hauna ahadi, mwanangu,” aliniambia. “Nguo ikibana, mtu asijione mkosaji.”

Mwaka 1998 aliolewa na fundi saa, mwembamba kama ufito. Wakapata binti mmoja.

Nyumbani alikula kidogo kuliko sisi sote. Hata hivyo Baba, kaka yake, alikuwa akimsogezea sahani mbali: “Dada, mdomo ndio adui yako.” Tulicheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na kisukari na shinikizo la damu. Mizani ya kliniki ilikuwa ukumbini, mbele ya foleni. Baba, aliyemsindikiza, akapaza sauti: “Nesi, leteni ile ya kupimia saruji!” Watu wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, ila hakurudi tena pale. Alituambia anameza dawa. Hakuwa anameza.

Mwaka huu mwalimu wa Biolojia alitufundisha kwamba zipo jeni zinazoufanya mwili uone njaa upesi na kuhifadhi mafuta. Tena njaa ya mama mjamzito yaweza kumwachia mtoto alama juu ya jeni zake; hazibadiliki zenyewe, hubadilika namna zinavyofanya kazi. Unene wa hivyo si hukumu, alisema, lakini si uzembe pia. Nilitoka mbio hadi kwenye cherehani.

“Kwa hiyo mimi si mlafi?” Shangazi aliuliza.

“Si mlafi.”

Akazima mashine. “Kamwambie baba yako. Akiamini yeye, kliniki nitarudi.”

Nilimwogopa Baba. Nikasema kesho, kesho, wiki mbili zikapita. Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, kiharusi kilimchukua Shangazi akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Baba aliusoma wasifu huu jana. Alisema tu, “Pale pa mizani usipafute.”

Shangazi ameacha mume, binti, mama mzazi, kaka mmoja, na mimi niliyechelewa. Shangazi, nimemwambia. Pumzika kwa amani.