Mama Kitana na Kofia ya Nyaya

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka msusi. Mtaa mzima ulimwita Mama Kitana.

Binti yake alikuwa akisomea shahada ya uzamivu. Alitengeneza akili bandia inayoiga ubongo, ili asiyeweza kusema naye ajibu. Unavaa kofia ya nyaya zinazonasa ishara za ubongo na kuipelekea mashine. Ukifikiria kuinua mkono wa kulia, mshale kwenye skrini unakwenda kulia: ndiyo. Ukifikiria wa kushoto, unakwenda kushoto: hapana.

Tatizo lilikuwa nywele. Nyaya lazima ziguse ngozi ya kichwa, kwa hiyo binti alikuwa akiwatafuta wenye vipara tu.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mashine itajua mawazo ya wenye vipara, sisi wengine tutaongea na nani? Lete hiyo kofia saluni."

Mama Kitana akachana njia kichwani, kila waya na njia yake. Wateja wakaja, umbea nao ukaja.

"Fikiria kuinua mkono wa kulia, mdogo wangu," Mama Kitana akamwambia mmoja.

"Nifanye nini nao?"

"Mpungie mumeo."

"Anakuja au anaondoka?"

"Wewe punga tu, mashine haina wivu."

Hivyo ndivyo mashine ilivyosoma: vichwa vya saluni, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa cha Mama Kitana mwenyewe.

Kisha kiharusi kikamnyima kauli. Yule msemaji, wasikilizaji, kimya. Binti akaileta kofia hospitalini. Je, mashine ingemsikia mama yake?

"Mama, unanisikia?"

Mshale ukajivuta polepole. Kulia.

"Una maumivu?"

Kushoto.

Binti akajifuta machozi. "Basi nikusuke, mama?"

Mshale ukaruka kushoto, haukusita hata kidogo. Muuguzi akacheka hadi akashika ukuta.

"Niliwahi kumsuka mtu mmoja tu maishani," binti ametuambia, "na alilia, mama akiona. Mshale uliporuka, nikajua huyu ni mama, si bahati ya mashine."

Mama Kitana amezikwa akiwa amesukwa vizuri, njia zimenyooka. Aliyemsuka ni msaidizi wake wa saluni. Binti alishika kitana tu.

Familia, poleni sana. Nasi tuliobaki, nyumbani kuna mtu asiyesema, au asemaye polepole. Kabla hujamwamulia, muulize. Kisha subiri jibu, hata kama ni hapana.