Benchi la Njano

Mbele ya duka la Grunnvik, chini ya paa linalokinga theluji isiwaangukie wateja, kuna benchi ambalo wenyeji wanaliita Benchi la Uongo. Kila asubuhi thamosi ya kahawa hutolewa dukani ikawekwa juu ya kasha la kokoto za kumwaga barabarani watu wasiteleze, na wenye benchi hukaa. Kona ya kulia ni ya Misumari, seremala mstaafu. Katikati ni Waziri, aliyekuwa diwani kipindi kimoja tu, lakini cheo hakijamtoka mdomoni. Redio, mama aliyefanya kazi posta mpaka posta ikafungwa, huja na chapati zake laini za viazi, zimepakwa siagi na sukari. Wa nne ni Dizeli, jina lake halisi Sverre, aliyeendesha basi la shule miaka mingi. Zamani Dizeli alikaa akitazama barabara kama wenzake. Majira haya ya baridi amechukua kreti tupu ya maziwa, anaikalia huku kaipa barabara mgongo. Anasema ni upepo.

Ng'ambo ya barabara ni shule.

Asubuhi hiyo ya Machi, Gunnvor, binti yake Dizeli, alikuwa humo shuleni kwenye kikao na mwalimu mkuu. Kilikuwa kikao cha mwisho. Mwanawe Tiril, wa darasa la nne, alikuwa hajakanyaga shule tangu Februari, na kama leo wasingeelewana, mama na mtoto wangehamia mji wa Bodø. Jana Gunnvor alimpigia baba yake simu.

"Baba, uje useme ulichokiona. Wao wanasema hakuna aliyeona kitu."

Dizeli alijibu, "Tutaona." Sasa kikao kilikuwa kimeanza, na yeye yuko kwenye kreti, kikombe kakishika kwa mikono miwili.

— Narudia tena, tatizo ni rangi, alianza Misumari. Mimi kazi yangu niliifanya. Mbao nimezipiga randa, kona nimeziviringa, hata kibanzi hakuna. Nikawaambia lipakeni bluu. Wao wakapaka njano!

Benchi alilolisema si lile walilokalia. Alisema la shule, Benchi la Marafiki. Yeye ndiye aliyelichonga, wenzake watatu wakamsaidia kulibeba, na picha yao ikatoka gazetini. Mtoto asiye na wa kucheza naye hukaa pale, na wenzake wakimwona wanatakiwa waje wamchukue. Tiril alianza kulikalia mwezi wa Oktoba. Hakuja mtu. Baadaye walikuja, wakamjaza theluji ndani ya koti, kisha wakatangaziana kwamba atakayeligusa benchi lile atapata ugonjwa wa Tiril. Basi hata waliokuwa na huruma wakawa wanapita mbali.

— Njano ina ubaya gani? aliuliza Redio.

— Njano inaita nyigu. Mtoto anakimbia nyigu.

— Nyigu wa Januari, Misumari?

— Mtoto akishaumwa na nyani, si anaogopa… ah, nyoka! Akishaumwa na nyoka, akiona ung'ongo anashtuka. Ndiyo maana yangu.

— Rangi si kitu, alisema Waziri, akajikohoza kama yuko barazani. Ni mwelekeo. Lile benchi linatazama kaskazini. Mtu akitazama kaskazini miezi minne uso unakunjamana. Nani atamfuata mwenye uso wa kukunjamana? Mimi ningekuwa mtoto nisingekwenda.

— Wewe hata ukiwa mzee huendi, alisema Redio. Sikilizeni niwaambie. Ni mbao. Misumari, mbao ulizitoa wapi?

— Zilikuwa nzuri, zile.

— Ulizitoa kwenye banda la Nils na Peder! Ndugu wa tumbo moja, wakagombania mpaka wa shamba, wakafa hawajasemeshana. Kuta za banda lile zilisikia chuki miaka yote. Chuki inaingia kwenye mbao, bwana, kama harufu ya samaki. Bandu bandu huisha gogo.

— Hapo gogo limeingiaje?

— Mbao si zinatoka kwenye gogo?

Wakacheka, Waziri mpaka kahawa ikamdondokea kwenye glavu. Dizeli hakucheka. Kengele ya mapumziko ililia nyuma ya mgongo wake, na akasikia watoto wakimwagika uwanjani. Vuli ile, kabla ya theluji, Tiril alikuwa akimpungia mkono kutoka kwenye benchi la njano, naye anamwinulia kikombe. Halafu wengine wakaanza kumwigiza, wanapunga mikono wote kwa pamoja na kupiga kelele, "Mpungie babu yako! Mpungie babu yako!" Tiril akaacha. Akawa anakaa mikono mifukoni, anatazama viatu vyake. Hapo ndipo Dizeli alipoichukua kreti na kuipa barabara mgongo. Alijiambia anamsitiri mtoto.

— Mjukuu wangu mimi hata hakumgusa, alisema Misumari ghafla.

— Nani kamtaja mjukuu wako?

— Nasema tu, Redio. Maana wewe ukisikia moja unatangaza saba.

— Mimi natangaza ninachokijua. Na ninachokijua ni kwamba hata walimu wenyewe hawaamkiani. Wawili waligombania ratiba, sasa kila mmoja anakula meza yake, kampa mgongo mwenzake. Yule msaidizi mpya, msichana wa watu, anakula mkate wake ndani ya gari, injini inanguruma apate joto. Mwalimu mkuu anajua. Watoto wanayaona hayo yote kupitia dirisha.

Hapo palikuwa na neno. Lakini Waziri alishainua kidole.

— Ndiyo maana nikasema dawa ni mitambo! Chini ya kile kikalio tunaweka swichi. Mtoto akikaa tu, kengele inalia chumba cha walimu.

— Na usiku akikaa paka?

— Tunapima uzito. Paka hafiki.

— Na taa nyekundu juu ya paa, alisema Misumari, ambaye sasa wazo lilimkolea. Kijiji kizima kijue kuna mtoto kakaa.

— Na redio itangaze, alisema Redio.

— Ila na yule mtoto naye, aliongeza Waziri kwa upole, angengoja kidogo. Subira huvuta heri. Angefika Pasaka mambo yangetulia.

— Alingoja tangu Oktoba, alisema Dizeli.

Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile. Wakatafuna chapati.

Mama mmoja mgeni alikuja akikokota sanduku kwenye kokoto.

— Jamani, nikae? Basi limechelewa.

— Karibu, mama! Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Waziri, akasogea. Redio akammiminia kahawa. Kisha wakamweleza yote kwa kukatizana: rangi, kaskazini, Nils na Peder, swichi. Mama alisikiliza hadi mwisho akipuliza kahawa yake, macho yako ng'ambo.

— Benchi lenyewe ndilo lile pale, la njano?

— Ndilo hilo, alisema Misumari. Tazama kona zake.

— Na mtoto alikuwa akikaa pale kila mapumziko.

— Kila mapumziko.

— Na ninyi mnakaa hapa.

— Sisi? Waziri alitanua kifua. Kila siku ya Mungu, mama! Hata barafu haitutoi.

Mama akatazama barabara, kushoto na kulia, kama anayetafuta kitu kilichomponyoka katika maelezo yao.

— Sasa mbona hamkuvuka?

Misumari akatazama glavu zake. Waziri alisema kuna utaratibu, mtu mzima hawezi tu kuingia shule ya watu, kuna geti.

— Haina geti, alisema Redio polepole. Haijawahi kuwa na geti.

Alishika thamosi amwongezee mgeni. Ikakoroma, ikatoa matone mawili.

Dizeli alikuwa amegeuka kwenye kreti. Mlango wa shule ulifunguka, akatoka Gunnvor peke yake. Mkononi alibeba ovaroli ya theluji ya Tiril, viatu vyake vya ndani na kofia ya sufu, vyote vilivyokuwa vikining'inia kwenye ndoano yake darasani. Ndoano ilikuwa imeachiwa mwingine.

Dizeli alisimama. Alitembea mpaka ukingo wa barabara na kikombe chake mkononi. Hakukuwa na gari lolote likipita, upande huu wala ule. Gunnvor aliweka vitu kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, akainua kichwa, akamwona baba yake. Alimtazama kwa muda, kama anayempa nafasi ya kuvuka. Kisha akaingia, akawasha gari.