Profesa wa Praha na Mkorosho wa Kwanza

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Kitaya nilikaa nyuma ya Mzee Hemedi, mkulima wa korosho, na Alia, binti wa wenye duka Mikindani. Walikuwa ndiyo kwanza wamejuana. Alia alisomea miti Praha, mji mkuu wa Wacheki, sasa ni mtafiti wa mikorosho.

"Chuo nilichosoma ndicho alichofundisha falsafa Profesa Masaryk," alisema, mikono haitulii. "Wacheki walikuwa na maandiko ya kale, wanayajivunia kweli kweli. Yeye na wenzake wakasema ni ya kughushi."

"Wakamfanyaje?"

"Wakamwita msaliti. Miaka ikapita, wakamfanya rais."

Mzee Hemedi akajipiga paja. "Huyo ndiye mtu! Aseme kweli, anayenuna anune." Akarudia kwa ajili yetu wa nyuma, ingawa tulishasikia.

"Umenipa nguvu, mzee wangu. Naenda kijiji hicho cha mbele kuwaambia kwamba mkorosho wao, wanaosema ni wa kwanza pwani hii, haujafika hata miaka hamsini."

Mzee akamgeukia. "Ule kaupanda babu yangu. Leo tunaufanyia sherehe."

"Shikamoo tena, mzee wangu," Alia alisema taratibu.

"Marahaba. Lakini yale yalikuwa maandiko, mwanangu. Karatasi haina wajukuu."

"Wacheki walikuwa nao."

Noah ikasimama kijijini hapo. Ngoma zilikuwa zimeshaanza. Mzee Hemedi akashuka wa kwanza, akaupokea mkoba wa Alia wenye majibu ya vipimo vya umri wa mkorosho, akaukumbatia kifuani. Hadi tunaondoka, sikujua kama anambebea au anamnyang'anya.